Kipimo cha vinasaba cha laki nne na nusu: ninunue au niache?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mhasibu, naishi Sinza, Dar es Salaam. Nina kilo 94 na urefu wa sentimita 174. Nimejiandikisha kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, na mwalimu wangu wa jimu ananishauri ninunue kipimo cha vinasaba cha shilingi laki nne na nusu. Unatema mate kwenye kichupa, kinapelekwa nje ya nchi, na baada ya wiki kadhaa unaletewa ripoti: mwili wako ni wa mazoezi ya nguvu au ya pumzi, ule wanga au mafuta, kahawa inakufaa au haikufai, maziwa unywe au uache. Anasema bila ripoti hiyo ninajichosha bure. Anataka pia nimpime mwanangu wa miaka 11 anayecheza mpira, nijue mapema kipaji chake kiko wapi. Kwetu hakuna watu wanene. Marehemu baba alikuwa mwembamba hadi alipoanguka ghafla shambani akafariki akiwa na miaka 43, kwa hiyo nadhani unene huu ni wa ulaji wangu, si wa ukoo. Je, ninunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue, wala usimnunulie mtoto. Lakini kabla ya sababu, nina ombi la leo hii: acha kukimbia, tembea tu, mpaka moyo wako upimwe. Ni kwa ajili ya sentensi moja uliyoipitia haraka kuhusu marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nitairudia huko chini kwa kirefu. Ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kabla ya waliotangulia kuniandikia.

Sasa kipimo chenyewe. Mwalimu wako hajakosea kusema kwamba miili haifanani, na kwamba sehemu ya tofauti hiyo tunazaliwa nayo. Miaka ya 1990 mtafiti Claude Bouchard na wenzake walizichukua familia 98 huko Marekani na Kanada, wazazi pamoja na watoto wao wakubwa, watu 481, wakawapa wote mazoezi yaleyale ya baiskeli kwa wiki 20. Walichopima ni oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia mtu anapojitahidi hadi mwisho, yaani kile tunachokiita pumzi. Kwa wastani iliongezeka karibu mililita 400 kwa dakika. Wapo walioongeza zaidi ya lita nzima, na wapo ambao baada ya miezi mitano ya jasho walibaki karibu palepale. Walioongeza sana walielekea kutoka familia moja, na walioongeza kidogo vilevile. Karibu nusu ya tofauti ile ilifuata ukoo.

Wauzaji wa vichupa huanzia hapo, na hapo huwa wanasema kweli. Wanapotoka nje ya njia ni wanaposema kwamba wanajua ni herufi zipi za vinasaba vyako zinazofanya kazi hiyo, na kwamba ziko kumi au ishirini tu, wanazisoma kwa mate. Fikiria urefu wa mtu, jambo jepesi kupima kuliko pumzi, la kanda ya futi tu. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba, baada ya kulinganisha watu milioni 5.4, wamepata sehemu zaidi ya 12,000 kwenye vinasaba zinazochangia urefu, kila moja kwa kiasi kidogo sana. Kama urefu pekee unahitaji hizo zote, basi ripoti inayokupangia mazoezi na chakula kwa herufi ishirini imesoma ukurasa mmoja wa kitabu kinene.

Tuchukue kinasaba ambacho hakikosekani kwenye ripoti hizi, kinachoitwa ACTN3. Kinatengeneza protini inayokaa kwenye nyuzi za misuli za kasi, zile za kuruka na kuchomoka. Wapo watu waliozaliwa bila protini hiyo kabisa, na wanaishi vizuri tu. Mwaka 2003 watafiti wa Australia waliona kwamba wanaokosa protini hiyo ni wachache mno miongoni mwa wakimbiaji wakubwa wa mbio fupi. Tangu hapo kikabatizwa jina la kinasaba cha kasi na kuingizwa sokoni. Unayo protini, wewe ni mtu wa nguvu. Huna, nenda mbio ndefu.

Lakini miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu 18 katika kila 100 hawana protini hiyo, kwa hiyo angalau kipimo kinawagawa. Walipopimwa Wakenya na Wanigeria, wasiokuwa nayo walikuwa kama mmoja katika 100. Sisi Watanzania wengi wetu tuna asili ya Kibantu, iliyo karibu na hao. Maana yake ripoti yako ningeweza kuiandika sasa hivi bila kuyaona mate yako: "Una kinasaba cha kasi, fanya mazoezi ya nguvu." Ningepatia karibu kila mara, na nisingekuwa nimekuambia kitu. Kenya imemzaa Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, na imemzaa Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019. Kipimo kinachowapa karibu Wakenya wote jibu moja hakina namna ya kukuambia nani aende kwa kocha yupi. Na Waethiopia? Kwao wasiokuwa na protini hiyo ni kama 11 katika 100, mara kumi ya Kenya, na bado nchi hizo mbili zinagombea medali zilezile za mbio ndefu. Watafiti waliowalinganisha wakimbiaji wakubwa wa Kenya na Ethiopia na raia wenzao wa kawaida, wakachapisha mwaka 2007, hawakuona kinasaba hiki kikiwatofautisha.

Kwenye maziwa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu hapo jibu linaweza kuwa kinyume cha ukweli. Aliwahi kunijia kijana wa Monduli, mkimbiaji, mkononi ana ripoti iliyomwambia mwili wake hauwezi kuvunja sukari ya maziwa. Alikuwa amekaa miezi miwili bila maziwa wala mtindi, yeye aliyelelewa kwa kibuyu tangu anaachishwa ziwa la mama, na alikuwa amepungua nguvu. Nikamuuliza, ukinywa maziwa tumbo linakuwaje? Akaniangalia kama nimemuuliza akinywa maji inakuwaje.

Kilichotokea ni hiki. Watu wengi duniani wakishakua hupoteza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa. Wazungu wengi wanaobaki nao wana badiliko moja la herufi kwenye vinasaba, na ndilo ambalo vipimo vingi hulitafuta. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba wafugaji wa kwetu wana mabadiliko yao wenyewe, hatua chache kutoka lile la Ulaya, yaliyozuka kivyake maelfu ya miaka iliyopita. Linaloonekana sana Kenya na Tanzania si lile la Ulaya kabisa. Kwa hiyo kipimo kikatafuta ufunguo wa Mzungu kwenye mfuko wa Mmasai, kikaukosa, kikaandika kwamba mlango haufunguki.

Hili si kosa la mashine. Mashine inasoma herufi sawasawa. Tatizo ni maana inayopewa herufi hizo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika tafiti kubwa za kuunganisha vinasaba na magonjwa au maumbile, kama 78 katika kila washiriki 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama wawili tu. Na sisi Waafrika ndio wenye utofauti mwingi zaidi wa vinasaba duniani. Jambo hili linaniuma, na sioni kama litarekebishwa kwa kila mmoja wetu kulipa laki nne na nusu apewe majibu ya watu wengine.

Kuhusu chakula, hata hao wengine hayajawasaidia sana. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwachukua watu wazima 609 wenye uzito uliozidi, nusu wakala mafuta kidogo, nusu wanga kidogo, kwa miezi 12. Walikuwa wamepimwa vinasaba vitatu vilivyosemekana kuonyesha nani anafaa mlo upi. Matokeo yalitoka mwaka 2018: wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Waliokula mlo "unaolingana" na vinasaba vyao hawakupungua kuwashinda waliokula usiolingana. Ila ndani ya kila kundi wapo waliopungua kilo nyingi na wapo walioongezeka. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa yale mboga kwa wingi, yapunguze sukari na unga uliokobolewa. Ushauri huo unafika mpaka Sinza bila kupita maabara: dona badala ya sembe, ugali usizidi robo ya sahani, mchicha au matembele yajaze nusu, dagaa au maharage yachukue robo iliyobaki, soda iondoke, na chipsi mayai ya usiku baada ya kazi ipungue mpaka iwe ya siku maalumu.

Utasikia pia habari za FTO, kinachoitwa kinasaba cha unene. Kipo na kinafanya kazi. Mtu mwenye nakala mbili za aina yake inayonenepesha, moja kutoka kwa kila mzazi, kwa wastani wa Ulaya, huwa mzito kwa kama kilo tatu kuliko asiye nayo. Lakini tafiti nane zenye watu 9,563, zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2016, zilionyesha kwamba wenye aina hiyo ya kinasaba wakibadili mlo na kufanya mazoezi hupungua sawa na wengine. Ukiambiwa unacho, utafanya yaleyale. Ukiambiwa huna, utafanya yaleyale.

Kahawa nitaipita haraka. Kuna kinasaba kinachoamua ini linaiondoa kwa kasi gani, na upo utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 ambapo waendesha baiskeli wa aina moja walisaidiwa nayo na wa aina nyingine wakapunguzwa mwendo. Wewe jipime mwenyewe. Jumamosi mbili mfululizo, njia ileile, saa ileile, moja kwa kikombe cha kahawa na moja bila. Angalia muda wako, mapigo ya moyo, na usingizi wa usiku huo. Hata hilo, baada ya kupimwa moyo.

Najua swali litakalofuata: je, kama mimi ni wale wa familia zisizoongeza pumzi? Mwaka 2017 watafiti wawili waliwagawa watu 78 katika makundi ya mazoezi, kuanzia mara moja hadi mara tano kwa wiki, saa moja kila mara, kwa wiki sita. Waliofanya mara moja, 69 katika kila 100 hawakuongeza kitu. Waliofanya mara nne au tano, hakuna hata mmoja aliyebaki palepale. Wale waliokuwa hawajaongeza walipozidishiwa vipindi viwili kwa wiki, kwa wiki sita nyingine, wote wakaongeza. Ndiyo maana mimi huwapa wakimbiaji wangu daftari. Andika mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujashuka kitandani, na kila wiki ya nne kimbia kilomita tatu njia ileile uandike muda. Usipoona badiliko baada ya wiki nane, tunaongeza siku, hatubadili ukoo.

Kwa mtoto sina haja ya maneno mengi. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa tiba ya michezo kutoka nchi mbalimbali walichapisha tamko la pamoja kwamba mtoto au mwanamichezo chipukizi asipimwe kwa vipimo hivi ili kumtafutia kipaji au kumpangia mazoezi. Mimi naongeza jambo moja ninaloliona kila wiki: mtoto wa miaka 11 akiambiwa na karatasi kwamba hana kinasaba cha kasi, karatasi hiyo inaingia uwanjani pamoja naye. Mwache acheze mpira, akimbie riadha ya shule, aogelee kama kuna maji salama. Akifika miaka 15 au 16 kocha mzuri atamwona kwa macho.

Na kuna suala la mate yako yanakokwenda. Neno la siri likivuja unalibadili, vinasaba huwezi kuvibadili, na ni vya mwanao na vya ndugu zako pia. Kampuni ya Marekani ya 23andMe, iliyokuwa moja ya kubwa kabisa katika biashara hii, mwaka 2023 ilivuja taarifa za watu kama milioni 6.9, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, hifadhi yake ya taarifa ikiwa miongoni mwa mali zilizouzwa. Kwetu ipo sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kichupa kikishapanda ndege, sijui utamshika nani.

Hayo yote hayana maana kwamba vinasaba si kitu. Kipo kimoja ambacho ningependa kila mkimbiaji wa nchi hii akijue, nacho ni cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Katika Tanzania, makadirio ya kawaida ni kwamba watu 13 hadi 20 kati ya 100 wamekirithi kutoka kwa mzazi mmoja. Hao si wagonjwa, na wengi hawajui kama wanacho. Ni urithi wa malaria: mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, kwa kazi aliyoifanya hapahapa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba anayebeba nakala moja ana kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Kwa mkimbiaji kuna tahadhari. Jeshi la Marekani liliwafuatilia askari wake weusi karibu 48,000, na mwaka 2016 matokeo yakaonyesha kwamba wanaobeba nakala moja hawakufa zaidi ya wenzao, lakini hatari ya misuli kuvunjika kwa mazoezi makali ilikuwa juu kwa asilimia 54. Misuli ikivunjika hivyo figo huumia, na mkojo hutoka rangi ya Coca-Cola.

Ukijua unacho, huachi kukimbia. Unaongeza mazoezi polepole, unakunywa maji, hukimbii ukiwa na homa au umetoka kuharisha, huweki juhudi za mwisho kwenye jua la saa saba, na miguu ikilegea ghafla unakaa chini, huisukumi. Na ukitaka siku moja kuupanda Mlima Kilimanjaro wenyewe, mwambie daktari kwanza, maana kwenye hewa nyepesi ya juu wabebaji wachache huumia bandama. Kipimo cha damu cha kuonyesha aina ya himoglobini kinafanyika hospitali zetu kubwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha unazotaka kutoa. Mshauri na mama mtoto apime. Mkiwa wote wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa wenyewe.

Sasa baba. Mwanaume mwembamba wa miaka 43, anatembea, analima, anaanguka na kufa. Inawezekana ilikuwa presha iliyopasua mshipa kichwani, au mshipa wa moyo ulioziba. Kutoka barua siwezi kujua, na pengine hakuna atakayejua tena. Lakini yapo magonjwa ya moyo yanayofuata ukoo, na mtu mwembamba anayefanya kazi ngumu hukutwa nayo sawa na mwingine. Mojawapo ni la msuli wa moyo kunenepa bila sababu, linalokadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 500. Mzazi mwenye nalo humrithisha kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Wengi hawasikii lolote, na kwa baadhi yao dalili ya kwanza huja wakati wa juhudi kubwa. Wewe una miaka 36, na unajiandaa kukipanda kwa mbio kilima cha Mweka, kilicho kwenye njia ya marathoni yako. Ripoti za mazoezi na chakula kama unayouziwa hazikutengenezwa kutafuta ugonjwa huu, na msomaji akiona kurasa 30 za rangi ataamini ameshapimwa kila kitu.

Wiki hii mpigie mama simu, na baba wadogo na shangazi. Uliza: baba aliwahi kuzimia kabla ya siku ile? Alikuwa akilalamika kifua kubana au moyo kwenda mbio akibeba mzigo? Kuna mwingine katika ukoo aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, au aliyezama majini ilhali alijua kuogelea, au mtoto mwenye kifafa kisichotulia kwa dawa? Andika majibu uende nayo. Anzia hospitali iliyo karibu: presha, sukari, mafuta ya kwenye damu, kipimo cha umeme wa moyo tunachokiita ECG, kisha uombe rufaa ya eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Dar es Salaam unayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, na hayo ni mambo yao ya kila siku. Ikiwa tangu uanze jimu umewahi kuzimia, kusikia kizunguzungu katikati ya zoezi, au maumivu ya kifua, usingoje wiki iishe. Nenda leo.

Wakikuta kitu, hapo ndipo kipimo cha vinasaba kinapokuwa na kazi ya kweli, kwa sababu kutakuwa na ugonjwa unaojulikana wa kutafutiwa chanzo. Kikipatikana, na mwanao atapimwa kwa hicho hicho, kwa uamuzi wa daktari wa moyo, kabla hujaulizwa kama ni beki au mshambuliaji. Wasipokuta kitu, niandikie na namba za vipimo, tupange wiki zako kuanzia kutembea nusu saa mpaka Mweka. Na kama una kaka au dada wa baba mmoja, usiende peke yako hospitali. Nendeni pamoja.